Simba wa Ukambani Apokea Wakwe

Mume wangu Muthama ni mwoga. Nasema hivyo kama mwanamke mwingine anavyoweza kusema mumewe ni mfupi; ndivyo alivyo, niliona kabla hajanioa na nikakubali. Ni karani wa stoo katika kampuni moja ya Industrial Area, na tangu aajiriwe hajawahi kumwambia bosi wake hapana. Jirani yetu hapa Jericho, kwenye nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, Willis Ondiek, huegesha pikipiki yake imeegemea mlango wetu. Muthama akitoka asubuhi hupita ubavuubavu akiikwepa, na akimkuta Ondiek pale nje, yeye Muthama ndiye anayesema pole.

Lakini mpe simu. Ndani ya simu haitwi Muthama, anaitwa Simba wa Ukambani, na picha aliyoiweka ni ya simba kweli, kinywa wazi, aliyoipiga kutoka kwenye kalenda ya duka la dawa za mifugo. Huyo hamwogopi mtu. Kuna kundi la Facebook linaloitwa Mila Zetu Fahari Yetu, lenye maelfu ya watu, wengi wao Wakamba wa mjini ambao mara ya mwisho kushika jembe ni walipopewa adhabu shuleni. Humo ndimo Simba anamokula na kulala. Mtu akiuliza jambo, Simba hashughuliki na swali, anashughulika na aliyeuliza. Umeuliza pojo zinapandwa lini, unaambiwa mama yako alikuzaa kwa bahati mbaya. Umesema unadhani hivi au vile, unaambiwa ukoo wenu haujawahi kupata mtu wa kudhani.

Na ana wafuasi. Watu wazima, wenye wake na watoto na vyeo vya ushemasi kanisani, wanakaa wakingoja Simba amrukie mtu ili waweke vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Mimi huwa najiuliza hao watu nyumbani kwao wanasaidia nini.

Kibaya zaidi ni kwamba alikuwa ananisomea. Nikiwa nasonga ugali, yeye ameketi nyuma yangu miguu juu ya stuli, ananiita, "Mama Muthoki, sikia hii." Halafu ananisomea tusi alilomtusi mtu asiyemjua, polepole, akitua mahali pa kutua, kama mhubiri anayesoma Waraka. Siku za mwanzo nilimwuliza, "Sasa huyo mtu akija hapa utamwambia hivyo hivyo?" Akajibu, "Aje anione." Kisha akainuka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa.

Tuna mtoto mmoja, Muthoki. Anasuka nywele katika saluni moja ya Donholm, na baba yake aliamini kwamba anaishi huko huko na mwenzake wa kazini anayeitwa Nafula. Haikuwa hivyo. Muthoki alikuwa akiishi katika mtaa wa Mukuru kwa Reuben, pamoja na kijana aitwaye Muoki, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, na alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana. Mimi nilijua. Nilikuwa nimewatembelea, nikala kwao, nikawapelekea pazia la mlango. Kijana ni mzuri, anaosha vyombo bila kuambiwa.

Baba yake hakujua kwa sababu hakuuliza. Na mimi sikumwambia kwa sababu nilitaka mbuzi watangulie. Kwetu, mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwa baba wa msichana, msichana huyo si mke wa mtu, hata akizaa watoto wakajaa nyumba. Watoto wenyewe hawana ukoo upande wa baba yao. Akifa leo, Mungu apishe mbali, anarudishwa kuzikwa kwao kama mtu ambaye hakuwahi kutoka. Ndiyo maana nilitaka ntheo ije kabla mtoto hajazaliwa. Mbuzi wakishafika, kila kitu kingine husemeka. Muthama akiwa na mfupa mkononi huwa anasikia mambo vizuri sana.

Mambo yalikuwa yamepangwa. Baba yake Muoki, Mzee Mativo, ni dereva wa basi la shule, anaishi Pipeline. Sikuwa nimekutana naye, lakini mkewe nilimjua, mwanamke wa maana, tulikuwa tumekubaliana naye Jumamosi ya kuja, ingawa mzee bado alijiuliza kama mbuzi hupelekwa nyumba ya mjini. Mume wangu nilimwambia tu kwamba kuna kijana anayempenda Muthoki na kwamba watu wake wanakuja tujuane. Alifurahi. Akanunua kofia.

Halafu jioni moja nikiwa jikoni nikaitwa. "Mama Muthoki, sikia hii. Leo kuna mzee mmoja amejileta mwenyewe."

Akanisomea kwanza maneno ya yule mzee. Alikuwa ameandika hivi: "Wazee wangu, naomba mwongozo. Kijana wangu anaishi na msichana mwema na sasa wanatarajia mtoto. Nataka kupeleka ntheo kabla mtoto hajazaliwa. Baba wa msichana anaishi hapa Nairobi, katika nyumba za kanjo. Je, nikimpelekea mbuzi hapo nitakuwa nimemkosea heshima, ama ningoje Desemba tukutane mashambani? Asanteni, Mungu awabariki."

Muthama akasafisha koo, akaanza kunisomea jibu la Simba.

"Wewe ni mzee wa wapi? Mwanao ameokota msichana barabarani, sasa unatafuta mbuzi wa kufunikia aibu. Msichana anayejipeleka kwa mwanamume kabla ya ntheo hana kwao. Na huyo baba yake, anakaa nyumba ya kanjo binti anafura tumbo na yeye hajui, huyo ni baba wa bure, mwanamume wa kuhesabiwa kwenye sensa tu. Ukimpelekea mbuzi atadhani umemletea supu. Waache walipookotana."

Akaniangalia, akingoja nicheke. "Umesikia hapo kwa supu?" akauliza.

Mwiko ulikuwa umesimama kwenye ugali. Nikamwuliza, "Huyo uliyemjibu ni nani?"

"Mjinga fulani tu. Mativo sijui nani."

"Unamjua?"

"Nimjulie wapi? Watu wa aina hiyo nitawajulia wapi mimi?"

Nikageuka nikaendelea kusonga. Ningeweza kumwambia pale pale, na najua mnaniuliza mbona sikumwambia. Namjua mume wangu. Angefuta maneno yake haraka haraka kama mtoto anayeficha sukari, kisha Jumamosi ingefika akiwa na tumbo la kuendesha, kitandani, na wageni wangeambiwa mwenye nyumba ni mgonjwa. Tumbo hilo limeshatuharibia harusi mbili na mkutano mmoja wa shule. Kwa hiyo nikampakulia, na alipomaliza kula akarudi kwenye simu kuhesabu waliocheka.

Siku ya tatu yake Mama Muoki akaja kwenye kibanda changu Muthurwa, ninapouza mapazia. Hakusalimia vizuri. Akaketi juu ya robota ambalo sikuwa nimelifungua, akaweka mkoba mapajani.

"Mama, Jumamosi haipo," akasema.

"Haipo vipi?"

"Mzee wangu aliuliza swali kwa hiyo Facebook. Swali la heshima tu. Wakamrukia. Kuna mmoja anajiita Simba, huyo ndiye aliwachochea wengine. Mativo hajakula vizuri tangu siku hiyo. Na unajua Mativo alimjibu nini huyo Simba? Alimwandikia asante kwa mafunzo. Wakamcheka hata hiyo."

Nilimwambia amwambie Mativo asijali watu wa mitandao. Mama Muoki akatikisa kichwa. Kama ingekuwa ni Mativo peke yake, alisema, angekula siku moja na kusahau. Lakini ndugu za Mativo nao wamo kwenye kundi hilo, na kaka mkubwa, Mzee Ngumbau, ambaye ndiye angekuwa msemaji wao siku ya ntheo, alikuwa amesoma yote. Akawaita wenzake. Wakasema kama watu wanaojua mila wanasema msichana hana kwao, na wengi wanakubali, basi hakuna haraka. Tungoje mtoto azaliwe, walisema, tuone amefanana na nani.

Hapo nikahisi kichwa kimepata moto. Mtoto wangu, ambaye nimemlea kwa pesa za mapazia, aketi Mukuru kwa Reuben akingoja wanaume wa Pipeline waje kukagua pua ya mtoto.

"Muthoki anajua?" nikauliza.

"Muoki alimwonyesha. Anasema alisoma mpaka mwisho, akamrudishia simu, akaendelea kukunja nguo."

Nikamfungia pazia mteja aliyekuwa akingoja, nikampa chenji yake, nikangoja aende. Kisha nikasema, "Mama Muoki, huyo Simba ni mume wangu."

Aliniangalia, akaangalia mapazia, akaniangalia tena. "Baba Muthoki?"

"Baba Muthoki."

"Yule mtu unasemaga hawezi kuongea mbele ya pasta?"

"Huyo huyo."

"Yaani mtu anamtusi mtoto wake mwenyewe mbele ya Ukambani nzima, na hajui?"

"Mila za watu wote anazijua," nikamwambia. "Mahali mtoto wake analala ndio hajui."

Niliona hasira inampanda Mama Muoki taratibu mpaka kwenye shingo. Sikumlaumu. Kisha akasema atamwambia Mativo, Mativo aamue. Nikamkataza. Mativo ni mtu wa kusema asante akitukanwa. Angeambiwa leo, kesho angempigia Muthama simu kumwambia amemsamehe, na Muthama angeweka simu chini akijiona ameshinda. Msamaha wa bure haumfunzi mtu wa namna hiyo chochote. Anaukanyaga tu akipita kwenda kumtafuta mwingine.

"Mwambie Mzee Ngumbau jambo moja tu," nikasema. "Jina la Simba usilitaje. Mwambie wameshuku nyumba ya watu, na nyumba ikishukiwa, wageni huja na shuku yao mpaka mlangoni. Waje Jumamosi vile tulipanga. Mbuzi wabaki kwenye gari, wasishuke. Yeye aulize swali lake kwa baba wa msichana, uso kwa uso. Jibu likimridhisha, mbuzi washuke. Lisipomridhisha, warudi nao."

"Na wakirudi nao?"

Tuliketi pale, wanawake wawili, tukifikiria mtoto wa Muthoki. Mwishowe akasimama, akajipangusa sketi. "Mzee Ngumbau atakubali," akasema. "Anapenda sana kuuliza watu mambo."

Jumamosi ikafika. Kaka yake Muthama alikuwa amekuja kutoka Kitui kuwa msemaji wetu, maana kwetu baba wa msichana hukaa tu kama mfalme, wengine wanaongea kwa niaba yake. Kazi hiyo inamfaa Muthama kuliko zote duniani. Alivaa kofia yake mpya ndani ya nyumba. Muthoki alikuja na Nafula wa saluni, amejifunga leso kubwa, akaingia moja kwa moja jikoni.

Wageni walipofika, Muthama alisikia mbuzi wakilia nje. Akanivuta kando. "Mama Muthoki, si ulisema ni kujuana tu? Hao mbuzi ni wa nini?"

"Wana haraka," nikamwambia.

"Na mbona wamewaacha kwa pickup?"

"Waulize."

Hakuwauliza, bila shaka. Alirudi kuketi, akatabasamu kwa kila mtu. Alipeana mkono na Mativo kwa mikono miwili. Mativo ni mtu mrefu, mpole, mwenye macho ya mtu aliyezoea kungoja watoto wa wengine washuke basi. Alitambulishwa tu kama Baba Muoki. Wakaketi karibu karibu, na kwa muda mfupi walionekana kama watu ambao wangeweza kupendana.

Baada ya maombi, Mzee Ngumbau akasimama. Ni mzee mkavu, mwenye suti ya kahawia na miwani inayoning'inia kwa kamba. Alisema salamu, akasema wametoka mbali, yaani Pipeline, watu wakacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Tumekuja na mbuzi," akasema, "lakini mnawasikia huko nje. Hawajashuka. Kuna neno limetuzuia. Kijana wetu Muoki anaishi na binti yenu huko Mukuru kwa Reuben, zaidi ya mwaka sasa. Na binti yenu ana mimba. Hilo halituzuii, hilo ndilo limetuleta."

Nilikuwa nimeketi mahali ambapo ningeuona uso wa Muthama, na nitawaambia ukweli, nilikuwa nimechagua mahali hapo. Kwanza hakuelewa. Aliangalia mlango wa jikoni. Akamwangalia Muoki. Midomo yake ikafanya hesabu fulani. Kaka yake wa Kitui akakohoa.

Mzee Ngumbau akaendelea. "Ndugu yangu hapa, Mativo, aliuliza swali kwa kundi letu la mila. Akajibiwa na mtaalamu anayejiita Simba wa Ukambani. Ngoja niwasomee, nisije nikaongeza langu."

Akavaa miwani, akatoa simu, akaanza. Alisoma neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa, bila kutua mahali pa kutua. Ameokota msichana barabarani. Hana kwao. Baba wa bure. Wa kuhesabiwa kwenye sensa tu. Supu. Jikoni, maneno hayo yalikuwa yamenifikia yakiwa na mbwembwe. Mle sebuleni, mbele ya wazee na wanawake, yalikuwa uchafu tu. Mativo aliinamisha kichwa na kuangalia viatu vyake.

Muthama naye alikuwa amevua kofia. Sijui aliivua saa ngapi. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Walimsifu wengi," akasema Mzee Ngumbau akivua miwani. "Na sisi, siwafichi, tulitikisika. Tunauliza hivi: huyu binti ana kwao? Na baba yake ni mtu wa namna gani?"

Kaka wa Kitui akajaribu. "Hao ni watu wa mitandao tu, mzee. Hawana kazi. Nyumba hii ni—"

"Wewe nakuheshimu," akasema Mzee Ngumbau, "lakini aliyetajwa si wewe. Naomba kumsikia baba."

Nje mbuzi mmoja alilia, na watoto wa majirani walikuwa wakimlisha sukuma wiki kupitia vyuma vya pickup. Muthama akaniangalia. Ni yale macho anayonitolea Ondiek anapogonga mlango. Nikaangalia dari.

Angeweza kusema. Nataka hilo lieleweke, maana watu hunihukumu mimi. Pale palikuwa na nafasi ya mwanamume kusimama na kusema, ni mimi niliyeandika hayo, sikujua namwandikia nani, naomba msamaha kwako Mativo na kwa mtoto wangu. Mativo angemkumbatia kabla hajamaliza. Ningemheshimu mimi mwenyewe, labda kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nilingoja. Nilimngoja kweli.

Muthama akasimama, akashika kiti. "Huyo mtu," akasema, akaweka kofia juu ya kiti, akaanza tena. "Huyo mtu hana akili. Mtoto wangu ana kwao. Kwao ni hapa."

"Vizuri," akasema Mzee Ngumbau. "Basi mwandikie hivyo hivyo. Alisema mbele ya watu, na wewe ujibu mbele ya watu. Kwa jina lako. Ndugu zetu wengine wako huko wanangoja kusikia. Wakisoma, tutashusha mbuzi."

"Niandike sasa?"

"Mbuzi wanaumia jua, baba."

Muthama akatoa simu. Ana akaunti nyingine, ile yenye jina lake halisi, ya kuwaandikia watu heri ya siku ya kuzaliwa. Akamtoa Simba na kumwingiza Muthama, na nilikuwa namwona anavyoificha skrini kifuani. Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akampa Mzee Ngumbau simu, na mzee akavaa miwani tena.

"Mimi ni Muthama," akasoma mzee. "Naishi Jericho, nyumba za kanjo. Mimi ndiye baba wa msichana aliyetukanwa hapa. Binti yangu ana kwao na ana wazazi. Simba wa Ukambani hana akili wala heshima." Akamrudishia simu. "Hayo ni maneno ya baba. Kijana, shusha mbuzi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kaka wa Kitui akatoka kwenda kuangalia mbuzi, na Muoki akatoka kuwafungua, na nyumba ikapumua. Mimi pia nikapumua, maana mtoto wa Muthoki alikuwa amepata ukoo.

Lakini simu ya Muthama ilikuwa imeanza kulia, na haikunyamaza. Wafuasi walikuwa wameamka. Nilisimama nyuma yake nikimwaga chai, nikasoma juu ya bega lake. "Kumbe baba wa bure ana bando." "Mzee, supu imefika?" "Binti ukimchoka tuambie tumwokote." Na chini yake, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wanamwita bwana wao: "Simba uko wapi? Mmalize huyu mzee." Hawa ndio watu aliowalisha jioni zote zile nikisonga ugali. Aliwafundisha vizuri, walikuwa wamekariri hata supu.

Nitasema na jambo jingine, kwa kuwa nililiona. Alipofika pale walipokuwa wanaita Simba, Simba, kidole chake kilisimama juu ya skrini, na kwa kitambo kidogo sana uso wake ulichangamka. Binti yake anatukanwa, na yeye akafurahi kwamba anatafutwa. Niliolewa na huyo.

Mativo naye aliona simu inavyolia. Akaegemea kwake, akamgusa goti. "Baba Muthoki, usisome hayo. Mimi nilisoma, nikakosa usingizi wa wiki. Mtu kama huyo Simba, ukienda kwake, utakuta hata mbwa hamjali. Mimi nilimkasirikia, kisha nikaanza kumhurumia mke wake."

"Mimi pia," nikasema, nikamwongezea chai.

Muthama akaizima simu na kuitia mfukoni. Hakumwangalia Mativo wala mimi. Aliwatazama wageni wengine kwa tabasamu lile la kila siku, na nilimwona anaanza kutulia, anaanza kuamini kwamba imepita. Hakuna aliyejua. Mbuzi wako uani. Kofia akaivaa tena.

Mbuzi mmoja akachinjwa, nyama ikachomwa uani, harufu ikaita majirani. Ondiek alikuja kushika kisu na, kwa heshima ya siku hiyo, akaondoa pikipiki mlangoni. Nyama ilipoiva, ukafika wakati wa kunawa. Kazi ya kunawisha wageni siku kama hiyo si ya bibi harusi, ni ya wenzake, na Nafula alikuwa tayari ameshika birika la maji moto na beseni. Muthoki akatoka jikoni, akamnyang'anya.

"Wewe keti," Nafula akamwambia. "Na hilo tumbo?"

"Niko poa. Nipe hiyo taulo pia."

Nilitaka kumkataza, kisha nikauona uso wake, nikaacha. Nilikuwa sijamwambia lolote kuhusu Simba. Mama Muoki aliniapia kwamba hata yeye hakusema. Lakini huyu ni mtoto aliyelelewa jikoni mle. Mwanamume wa kuhesabiwa kwenye sensa, amelisikia hilo likisemwa chinichini juu ya majirani tangu hajajua sensa ni nini. Alipolisoma kwenye simu ya Muoki hakuhitaji picha ya simba kumwambia ni nani anayeongea.

Akaanzia kwa baba yake, kama inavyotakiwa. Akasimama mbele yake na beseni, leso imembana tumbo, na Muthama akanyoosha mikono, akimtazama kwa upole, hata macho yamelowa kidogo. Nadhani alikuwa anataka kumwambia kitu kizuri.

"Nawa mikono, Simba," akasema Muthoki.

Alilisema kwa sauti ya chini, na nadhani ni mimi na baba yake tu tuliosikia. Mikono ya Muthama ilibaki juu ya beseni, na Muthoki akamwagia maji, bila haraka, mpaka ikatosha, akampa taulo, akangoja ajifute, akaichukua taulo. Alimtazama muda wote huo, na baba yake hakuweza kuinua macho.

Kisha akasogea kwenye kiti kilichofuata, kwa Mativo, akakunja magoti kidogo pamoja na uzito ule wote.

"Baba," akasema, "nawa mikono."